Sura ya Saba: Hesabu Podi Kwanza

Vepu ya kujaza inauzwa kwa sura. Inang'aa, ina taa ubavuni, inakaa vizuri kiganjani, na muuzaji akivuta na kupuliza, wingu linapanda mpaka kwenye feni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuambia kama utakuwa bado unaitumia mwezi ujao. Mimi nina swali ninaloliuliza kabla ya bei: podi zake za akiba ziko wapi? Sitaki kujibiwa kwamba zipo. Nataka nionyeshwe ni ngapi, za omu ngapi, na ni duka gani lingine mjini linaloziuza siku huyu akifunga.

Lakini ijulikane kwanza nazungumza na nani. Sura hii ni ya mtu mzima anayevuta sigara, aliyejaribu kuacha ikamshinda, na anayetaka kitu kingine cha kushika mkononi kuanzia chai ya asubuhi mpaka anapolala. Kama huvuti, ruka kurasa hizi uende sura ya nane. Sina kifaa cha kukusifia, na nikotini ikishauzoea mwili haiondoki kwa kuombwa. Kama hujafika miaka 18, muuzaji hakupaswa hata kukufungulia kabati. Na kama umeweza kuacha kwa chingamu, kwa vibandiko vya nikotini au kwa ukaidi tu, hongera, huna haja ya kununua chochote.

Kifaa ninachokizungumzia kina sehemu mbili. Chini kuna betri ya kuchaji, juu kuna podi ya plastiki inayochomoka, ambayo unaijaza mwenyewe juisi kutoka kwenye chupa. Vepu za kutupa, zile za rangi za pipi zinazojisifu kwa maelfu ya mivuto kwenye boksi, siziingizi hapa. Ni ghali ukizipigia hesabu ya mwezi, zinatupwa na betri ambayo bado ni nzima, na serikali kadhaa zimezichoka: Ubelgiji ilizipiga marufuku kuanzia 1 Januari 2025, Uingereza ikafuata 1 Juni mwaka huohuo. Viwanda vya Shenzhen, mji wa kusini mwa China unakotoka mzigo mkubwa wa vepu za dunia, havikuweka matanga. Viligeuza mashine na kumwaga sokoni vifaa vya kujaza, vingine vikiwa vimevalishwa umbo lilelile la vya kutupa.

Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya simu lenye kabati moja la vepu, nilimsikiliza mzee wa miaka sitini hivi akinunua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Nataka ya kuachia sigara."

"Chukua hii, mzee wangu. Hii ndiyo inayotembea. Ngoja uone moshi wake."

"Moshi ninao wa kutosha. Podi zake unazo?"

"Zinakuja, mzee. Mzigo uko bandarini."

"Basi na mimi nitakuja, ukishatoka."

Akaondoka zake. Sijaona tathmini ya kifaa iliyokwisha haraka namna ile na ikawa sahihi.

Ili uelewe kwa nini mzee yule alikuwa na haki, chukua podi iliyochoka, ile iliyoanza kuleta ladha ya kitambaa kilichoungua, uipasue kwa kisu cha jikoni juu ya gazeti. Plastiki ya nje ni ngumu, itakusumbua kidogo. Ndani utakuta kimrija cha chuma chenye vitundu viwili au vinne ubavuni. Kivunje. Kuna pamba iliyokunjwa, ambayo ilikuwa nyeupe kiwandani na sasa ni ya hudhurungi, na pale katikati ni nyeusi kabisa. Ikwangue pamba uone wavu wa chuma mwembamba, kama kipande kilichokatwa kwenye chujio la chai, umekunjwa duara na kuunganishwa na nyaya mbili. Hiyo ndiyo koili, na hapo ndipo kazi yote ya vepu inafanyika. Vingine vyote, betri, taa, kioo, rangi ya ganda, vipo kuihudumia.

Juisi inaingia kupitia vile vitundu, pamba inainywa, betri inapitisha umeme kwenye wavu, wavu unapata moto, na juisi iliyo karibu inageuka mvuke unaouvuta. Pamba inanywa tena. Ukivuta kwa kasi kuliko pamba inavyokunywa, wavu unabaki umezungukwa na pamba kavu, na pamba kavu inaungua. Ikishaungua haiponi. Hakuna kuiosha, hakuna kuisuuza kwa maji moto, hakuna fundi. Unatupa na kuweka nyingine, na kama nyingine haipo mjini, jioni hiyo utaonekana kwa Mangi ukinunua sigara moja moja.

Kwa matumizi ya kawaida podi moja inaishi wiki moja hadi mbili. Inakufa mapema kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni haraka: mtu anajaza podi mpya na kuvuta palepale, wakati pamba bado haijalowa. Jaza, iache dakika kumi, ndipo uvute. Ya pili ni utamu. Juisi nyingi za embe, pipi na keki zimetiwa sukralosi, sukari bandia ambayo haigeuki mvuke kama vinavyogeuka vimiminika vingine, inabaki kwenye wavu na kuganda kuwa masizi. Mtu wa tumbaku au minti isiyo na utamu anafika wiki ya pili akiwa na podi ileile. Mtu wa embe yenye barafu anaweza kuizika ndani ya siku chache halafu akaanza kulaumu kifaa.

Sasa zile omu. Kila podi imeandikwa namba ndogo ubavuni au chini: 0.6, 0.8, 1.0, 1.2. Huo ni ukinzani wa koili, na kadiri namba inavyopungua ndivyo umeme unavyopita kwa wingi na moto unavyokuwa mkali. Hesabu yake ni ya kidato cha tatu, volti kwa volti gawanya kwa omu. Betri ya volti 3.7 ikikutana na koili ya omu 1.2 inatoa wati 11 na kitu. Ikikutana na ya omu 0.6, wati zinakaribia 23. Vifaa vingi vya sasa vina saketi ya kurekebisha nguvu hiyo, lakini mwelekeo ni huohuo. Koili ya omu ndogo inatoa mvuke mwingi na wa moto, inamaliza juisi, inamaliza betri. Koili ya omu 1.0 au 1.2 inatoa mvuke mdogo, na kwa anayetoka kwenye sigara hiyo ndiyo inayofaa, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye nikotini.

Kwa hiyo unapouliza podi za akiba, uliza za omu unayoitaka. Nimeona kabati limejaa podi za 0.4 tu, zilizobaki kwa sababu kila mwenye akili alikuwa ameshanunua za 1.0. Uliza pia kama podi inaingiliana na vifaa vingine vya kampuni ileile. Katika majina yanayojulikana sana, podi za mfululizo wa XROS wa Vaporesso zinaingiliana kizazi hadi kizazi, na hilo peke yake ni sababu nzuri ya kuupenda mfululizo huo kuliko taa zake. Caliburn za Uwell zina koo zaidi ya moja, na podi ya ukoo mmoja haikai kwenye mwingine. Nenda na podi yako ya zamani mkononi, usitegemee jina. Baadhi ya Caliburn, kama ile ya G, zina koili inayochomoka ndani ya podi, hivyo unatupa koili na plastiki inabaki. Inaokoa fedha kidogo, ila una kipira kimoja zaidi cha kuangalia kisivuje.

Na chunguza boksi. Podi feki zipo nyingi kuliko vifaa feki, kwa kuwa ndizo zinazonunuliwa kila mara. Kampuni kubwa zinaweka kibandiko cha kukwangua chenye namba ya kuhakiki kwenye tovuti yao. Kikwangue mbele ya muuzaji, kabla hujatoa hela.

Inashangaza kidogo kwamba pamba na wavu ndivyo vilivyoshinda. Mmarekani Herbert Gilbert alikuwa na hataza ya sigara isiyo na moshi tangu miaka ya 1960, na hakuna aliyeijali. Hon Lik, mfamasia wa Kichina ambaye ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa vepu ya leo, alitengeneza yake mwaka 2003, na ile ya kwanza haikutegemea waya wa moto. Ilitikisa kimiminika kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika mpaka kikawa ukungu. Wazo zuri, ila waya ni rahisi na pamba ni rahisi, na urahisi ndio uliojaza dunia. Hon Lik mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa, na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu.

Juisi ina vitu vinne: propilini glaikoli, gliserini ya mimea, fleva na nikotini. Glaikoli ni nyepesi, inabeba ladha na inakwaruza koo kidogo, mkwaruzo ambao mvutaji wa sigara anautafuta bila kujua. Gliserini ni nzito, tamu kidogo, na ndiyo inayofanya wingu. Kwa podi ndogo nunua ya nusu kwa nusu. Ile ya gliserini asilimia 70 ni ya mitambo mikubwa yenye vitundu vipana. Kwenye podi ndogo inapita kwa shida, pamba inakauka, na mwisho wake nimeshausimulia.

Nikotini ndiyo inayoamua kama utarudi kwenye fegi au la, na ndipo wengi wanapoharibu kwa nia njema. Mtu alikuwa anamaliza pakiti kwa siku. Ananunua vepu na, ili awe salama, anachagua juisi ya miligramu 3 kwa mililita. Saa nne asubuhi arosto imemshika, anavuta na kuvuta, podi inachemka, koo linauma, na jioni anatangaza kwamba vitu hivi havifanyi kazi. Sigara moja inauachia mwili nikotini kama miligramu moja hivi, na inaifikisha kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Kifaa kidogo chenye juisi hafifu hakiwezi kufika huko. Kwa mvutaji wa pakiti, podi ya omu 1.0 au 1.2 na juisi ya chumvi ya nikotini ya miligramu 20 ni mahali pazuri pa kuanzia. Anayevuta vipisi vitano kwa siku aanze na 10.

Chumvi ya nikotini si chumvi ya mezani. Ni nikotini iliyochanganywa na asidi, mara nyingi asidi ya benzoiki, ili isikwaruze koo hata ikiwa kali. Vepu ya JUUL, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2015, ndiyo iliyoipa umaarufu, kwa podi za miligramu 59 kwa mililita, na ulaini huohuo ukawanasa vijana wa shule ambao hawakuwahi kushika sigara. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaweka ukomo wa miligramu 20 katika sheria yake ya 2014, iliyoanza kutumika Mei 2016. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyosema podi isizidi mililita 2 na chupa ya nikotini isizidi mililita 10. Ukijiuliza kwa nini podi uliyoinunua Dar ni ndogo hivyo, jibu liko Brussels: kiwanda kinatengeneza kwa soko linalodai zaidi, na mabaki ya ukubwa huo yanatufikia sisi.

Kwenye maduka yetu utaona pia chupa za miligramu 35 na 50. Ziache. Miligramu 50 kwenye koili ya omu 0.6 ni kizunguzungu, kichefuchefu na jasho jembamba kabla hujamaliza kusimulia habari za mpira. Na kuhusu chupa yoyote, hata ya mililita 10 tu: mililita 10 za juisi ya miligramu 20 zina nikotini miligramu 200, inanukia embe, na mtoto anaijua embe. Kizibo kiwe kile cha kubonyeza ndipo kizunguke, chupa ikae juu na mbali, na ikimwagika mkononi nawa kwa sabuni mara moja. Mtoto akionja, usisubiri aonyeshe dalili. Mpeleke hospitali na chupa yake.

Namna ya kuvuta nitaipitia kwa ufupi. Sigara inavutwa mdomoni kwanza, kisha mapafuni. Shisha inavutwa moja kwa moja. Kuna vepu za aina zote mbili, na anayetoka kwenye sigara anahitaji ile inayobana. Sogeza kidude cha hewa ubavuni mpaka ugumu wa kuvuta ufanane na wa sigara yako. Kama kifaa hakina kidude hicho na kinapitisha hewa kama bomba, kirudishe kabatini. Kinachowaka chenyewe ukivuta ni bora kuliko cha kubonyeza, ila kikiwa na vyote viwili ni salama zaidi, maana kihisi cha hewa ndicho kinachoharibika mapema juisi ikipenya.

Hapo tunafika kwenye kuvuja. Hakuna kasoro inayowafanya watu waache vepu kama hii. Mfuko wa shati una doa, mdomo una ladha chungu, kifaa kinakoroma. Ukungu kidogo chini ya podi ni kawaida, ni mvuke uliopoa, na unafutwa kwa tishu mara moja kwa siku, pamoja na pini za dhahabu zinazogusana na podi. Matone ni jambo jingine. Joto lina mkono wake humu: juisi inakuwa nyepesi, hewa iliyomo ndani ya podi inatanuka na kuisukuma itoke kupitia koili. Gari lililoegeshwa juani Februari jijini Dar linaweza kumwaga podi nzima hata ya kampuni nzuri, kwa hiyo usikihukumu kifaa kwa kosa la dashibodi. Kihukumu usiku. Jaza podi, acha kiputo kidogo cha hewa juu, ifute, laza kifaa ubavu juu ya tishu kavu mezani, ulale. Asubuhi tishu ikiwa na alama ndogo, sawa. Ikiwa imelowa, badilisha podi na urudie usiku wa pili. Ikilowa tena, kirudishe dukani, na ndiyo maana unadai risiti hata kama muuzaji ni mpwa wako. Podi inayojazwa kwa juu huwa inavuja kidogo kuliko yenye kizibo cha mpira ubavuni, maana kizibo kile kinalegea kila unapokifungua.

Betri nayo ina hesabu yake, na napenda kuifanya kwa sababu maandishi ya boksi hayasaidii. Betri ya mAh 1000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 3.7, yaani jouli 13,320. Mvuto wa sekunde tatu kwa wati 11 unakula jouli 33. Gawanya, unapata mivuto kama 400. Kwa wati 22 inabaki 200. Toa robo kwa sababu dunia si karatasi. Mtu wa sigara kumi kwa siku, kila moja mivuto kumi hivi, anatoka asubuhi na kurudi usiku bila kutafuta umeme, alimradi asihangaike na omu ndogo. Chini ya mAh 500 mtu wa pakiti nzima atakuwa anachaji mchana, na mahali ambapo umeme unakatika hilo si dogo.

Jaribu kuchaji ukiwa dukani, tena kwa waya mbili tofauti. Vifaa vya bei ya chini vina tundu la USB-C lakini vimenyimwa rezista mbili ndogo zinazoiambia chaja kwamba kuna mtu anahitaji umeme. Matokeo yake vinakubali waya wa zamani wenye kichwa kipana upande wa chaja, na vinagoma waya wenye USB-C pande zote mbili. Kama chaja ya simu yako ni ya aina hiyo mpya, kifaa kitakaa usiku kucha bila kupata kitu na utadhani kimekufa. Usikiache kikichaji chini ya mto. Na siku betri ikichoka kabisa usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa jioni, kama tunavyofanya majumbani; betri ya lithiamu ndani ya moto inalipuka.

Bei sitaji, zitabadilika kabla kitabu hiki hakijafika dukani. Nitakupa njia ya kupiga hesabu. Anayemaliza podi moja ya mililita 2 kwa siku anahitaji mililita 60 kwa mwezi: chupa sita za 10, au mbili za 30. Ongeza podi mbili hadi nne. Chukua bei ya kifaa ugawanye kwa 12, kwa kuwa mwaka mmoja wa kubebwa kila siku ni umri wa heshima. Jumlisha, kisha weka pembeni ya fedha unayotumia kwa sigara, ukihesabu kwa ukweli na zile za kuomba na kurudisha. Kenya hesabu hiyo ina mkono wa serikali ndani yake: tangu 2022 ushuru wa bidhaa unatozwa kwa kila mililita ya nikotini ya maji, hivyo koili inayokunywa sana jijini Nairobi inakunywa na kodi. Utagundua kifaa chenyewe ni sehemu ndogo ya jumla. Kubishana nusu saa kuhusu bei ya kifaa, halafu kununua podi bila kuuliza, ni kuokoa shilingi na kupoteza noti.

Kuhusu afya nitasema yanayojulikana na nisiongeze. Hakuna mtu mwenye uaminifu anayesema vepu ni salama. Swali la mvutaji ni salama kuliko nini. Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kiliandika mwaka 2016 kwamba madhara ya muda mrefu hayaelekei kuzidi asilimia 5 ya madhara ya tumbaku inayochomwa. Hayo yalikuwa makadirio ya wataalamu, hayakuwa kipimo, na Shirika la Afya Duniani lina msimamo mkali zaidi. Ushahidi ninaouamini zaidi ni jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa 2019, lenye watu wazima 886 waliotaka kuacha sigara. Baada ya mwaka, waliopewa vepu za kujaza na ushauri walikuwa wameacha kwa asilimia 18.0, waliopewa vibandiko, chingamu na dawa nyingine za nikotini, pamoja na ushauri uleule, asilimia 9.9. Soma na upande wa pili: kati ya walioacha kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipoisha. Na wengi katika makundi yote mawili hawakuacha kabisa.

Mambo mawili hapa yanategemea mkono wako kuliko maabara. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliripoti sumu ya formaldehaidi kwenye mvuke wa kifaa kilichowekwa volti 5, na hawakuiona kwenye volti 3.3. Wakosoaji wakajibu kwamba kwa volti zile kwenye kifaa kile pamba ingekuwa kavu na hakuna binadamu ambaye angevumilia ladha yake. Wote wanakutuma mahali pamoja: mvuto wenye ladha ya kuungua usiuvumilie kwa kubana fedha ya podi. La pili ni lile janga la mapafu la Marekani la 2019, lililolaza hospitali watu 2,807 na kuua 68 hadi Februari 2020. Lilihusishwa zaidi na asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye mafuta ya bangi ya mitaani. Usitie mafuta ya aina yoyote kwenye podi, iwe ya dawa, ya harufu au ya rafiki, na usinunue juisi isiyo na lebo.

Mwenye mimba na mwenye ugonjwa wa moyo waanze kwa daktari, si kwa muuzaji. Na anayevuta vepu nyumbani na sigara kazini ameongeza gharama tu. Faida inakuja sigara ikiondoka yote.

Limebaki la mipaka, na linawahusu watu wetu wanaosafiri. Kwenye ndege kifaa kinakaa kwenye begi la mkononi, kimezimwa, podi ikiwa tupu kwa sababu shinikizo la angani linaimwaga. Lakini angalia unakoshukia. Uganda ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa sigara za kielektroniki katika Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015, kwa hiyo anayekwenda Kampala asitegemee kupata podi huko wala asijaribu kuingia na mzigo wa zawadi. Oman nayo imezuia biashara yake, jambo ambalo watu wa Unguja wenye ndugu Muscat hulijua wakishafika. Singapore imekwenda mbali zaidi: tangu Februari 2018 hata kuwa nayo mfukoni ni kosa. Kwa safari za namna hiyo kifaa kibaki nyumbani, podi imwagwe na kukaushwa, na kwenye begi uweke chingamu ya nikotini ya kutosha siku zote utakazokuwa huko.